Wananiomba nikawatunzie nyumba na mbwa watatu Andalusia, kusini mwa Hispania: niende?

Shikamoo Mama,

Nakuandikia kutoka Leicester. Kwetu ni Tanga, nina miaka 34, na huu ni mwaka wangu wa tatu Uingereza kwa viza ya kazi ya kuhudumia wazee. Bibi mmoja ninayemhudumia ana binti aliyehamia Hispania na mumewe. Wote wawili ni wastaafu na wana ukaazi wa huko. Wanaishi kwenye nyumba ya shamba eneo la Alpujarra, milimani kusini mwa Granada, si mbali na mji wa Órgiva. Kila wakija kumwona mama yao hunikuta, na tumezoeana vizuri.

Sasa wanataka kuja kukaa na bibi kuanzia katikati ya Julai hadi mwisho wa Agosti, maana hali yake inazidi kudhoofika. Wameniomba wiki hizo sita niende mimi nikawakalie nyumba na kuwatunzia mbwa. Mbwa ni watatu: mmoja mkubwa sana wa kulinda, wanamwita mastín, mmoja mwembamba wa mbio, galgo, waliyemchukua baada ya kutupwa, na mdogo wa kuwinda sungura, podenco. Mmoja wao hupewa kidonge asubuhi na jioni kwa kile walichokiita "ugonjwa wa kawaida wa huku". Wamesema nitalala bure, nitatumia gari lao (nina leseni ya Uingereza), nitakula kilichomo kwenye friji, na juu yake watanipa euro 400 za kunishukuru. Kazini nitaomba likizo bila malipo kwa muda wote, ili siku zangu za malipo nizitunze za kwenda Tanga Desemba.

Mama yangu nilipomweleza kwenye simu alikaa kimya, kisha akaniuliza: "Utaswali wapi na mbwa watatu ndani?" Sisi hatujawahi kufuga mbwa, ingawa kwa wateja wangu nimewazoea kiasi. Rafiki ninayeishi naye anasema hii ni likizo ya bure, nikikataa ni ujinga. Kaka yangu anasema wazungu wametafuta mlinzi wa bei ya chee wakanipata mimi. Ukweli ni kwamba nataka kwenda. Sijawahi kuiona Hispania, na nasikia milima hiyo zamani ilikuwa ya Waislamu.

Niende, Mama? Nikienda, mambo ya mbwa na swala niyapange vipi? Na kwenye maombi ya viza niseme nini?

Mwanao,
Mwanatanga wa Leicester

*

Marahaba mwanangu.

Barua yako imejaa mbwa, lakini kilichonishtua ni maneno uliyoyapitia haraka: likizo bila malipo kwa muda wote. Wewe uko Uingereza kwa udhamini wa mwajiri. Kanuni za udhamini huo zinasema mfanyakazi akikaa bila mshahara zaidi ya wiki 4 kwa jumla ndani ya mwaka mmoja wa kalenda, mwajiri anatakiwa kuacha kumdhamini, ila kwa sababu chache zilizotajwa kama ugonjwa au uzazi. Kukaa kwenye nyumba ya watu milimani si mojawapo. Wiki sita zinavuka mpaka huo, na kama mwaka huu umeshachukua siku nyingine bila malipo, nazo zinaingia kwenye hesabu hiyo hiyo. Rafiki yako anayekuambia ni likizo ya bure hajui kwamba unaweza kuilipia kwa viza yako.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda, ila kwa wiki tatu, na euro 400 usizipokee. Chukua wiki mbili za malipo na moja bila malipo. Anayefanya kazi siku tano kwa wiki ana haki ya siku 28 za likizo kwa mwaka, sikukuu zikiwemo, kwa hiyo Tanga ya Desemba bado utaifikia. Wiki tatu zilizobaki wenye nyumba wazipange wenyewe. Wao ni wawili: mmoja anaweza kuwa na bibi Uingereza na mwenzake akabaki na mbwa, kisha wakapokezana. Usiogope kuwaambia hivyo. Watu wanaokuamini na mama yao watakuelewa.

Kabla hujawajibu, zungumza na meneja wako. Waajiri wengi wa kazi yenu wana masharti juu ya zawadi na mapatano ya binafsi kati ya mtumishi na familia ya mteja. Ni bora akusikie wewe mwenyewe unamweleza leo kuliko aje kusikia kwa watu Septemba.

Sasa viza. Kibali chako cha Uingereza hakikuingizi Hispania. Pasipoti ya Tanzania inahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zenye mpaka mmoja, Hispania ikiwemo. Ada yake ni euro 90 tangu Juni 2024, na utatakiwa kuwa na bima ya safari inayofika angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipungue siku 15, lakini usingoje siku ya mwisho, maana miadi ya kiangazi hujaa mapema. Kwa kuwa utalala kwenye nyumba ya mtu binafsi, mwenyeji wako anaweza kutakiwa aende kituo cha polisi wa taifa, Policía Nacional, kuomba barua ya mwaliko, carta de invitación. Barua hiyo ina utaratibu wake na huchukua muda. Akianza mwezi huu, amekusaidia kuliko hizo euro zake.

Pesa zenyewe ndizo zinazoharibu kila kitu. Mwenye viza ya matembezi haruhusiwi kufanya kazi Hispania, na kulipwa kwa kutunza nyumba na mbwa ni kazi, hata ukiiita shukrani. Bila malipo nako hakuna uhakika wa asilimia mia, kwa sababu afisa wa mpakani anaweza kuona kwamba kulala bure ni ujira. Mwaka 2022 msafiri mmoja kutoka Australia alirudishwa kutoka Los Angeles baada ya kueleza kwamba ana mpango wa kukaa bure kwenye nyumba ya watu kwa kuwatunzia paka. Hiyo ni Marekani na sheria zake, lakini usiondoke bila kuuliza. Andika barua pepe ubalozi mdogo wa Hispania, eleza jambo lenyewe lilivyo: umealikwa na familia unayoifahamu, utakaa nyumbani kwao wiki tatu, hulipwi, na mbwa wao utakuwa unawalisha. Jibu lao litunze. Wakisema hiyo ni kazi, basi safari hiyo imekwisha, utakwenda mwaka mwingine kama mgeni wao wakiwepo. Uongo usiuingize kwenye fomu hata kwa neno moja. Unakusudia kuishi Ulaya miaka mingi, na viza ikinyimwa kwa udanganyifu utaulizwa habari zake kila utakapoomba nyingine. Tangu Oktoba 2025 mipaka ya Schengen imeanza kusajili wageni kwa alama za vidole na picha ya uso, kwa hiyo kumbukumbu za kuingia na kutoka haziko tena kwenye mihuri peke yake.

Tuje kwa mbwa. Hapa ndipo kaka yako amegusa ukweli kidogo, ingawa sidhani kama hawa wazee wana nia mbaya. Kukaa na mbwa watatu shambani, peke yako, kwenye kiangazi cha Andalusia, ni kazi ya kutwa. Órgiva iko chini, kama mita 450 juu ya bahari, na Julai joto linapita nyuzi 35 mara nyingi. Ukipanda hadi vijiji vya juu kama Capileira, zaidi ya mita 1,400, usiku unaweza kutafuta blanketi. Uliza nyumba iko kimo gani, maana hiyo ndiyo itakayopanga siku yako. Kwenye joto la chini mbwa hutembezwa alfajiri, na mchana kutwa hukaa kivulini na maji mengi. Ukimwona anahema kwa nguvu bila kutulia, anatoka mate mazito, ufizi umekuwa mwekundu sana, anayumba, usingoje mpaka jioni. Mmwagie maji, mpepee, na umpeleke kwa daktari wa mifugo huku ameshalowa.

Kuhusu kidonge cha asubuhi na jioni: mbwa huyo sijamwona, lakini Andalusia kidonge cha namna hiyo mara nyingi ni allopurinol, na "ugonjwa wa kawaida wa huku" ni leishmaniasi. Ni ndugu wa kala-azar inayowasumbua watu wa Baringo, Turkana na Pokot Magharibi huko Kenya. Kusini mwa Hispania vimelea vyake vimo kwa mbwa zaidi, na anayevisambaza ni usubi, kidudu kidogo kuliko mbu na kisicho na mlio, anayetoka jua linapozama hadi alfajiri katika miezi ya joto. Huambukizwi kwa kumshika mbwa wala kwa kumlisha. Unaambukizwa ukiumwa na usubi, kwa hiyo jioni vaa mikono mirefu, jipake dawa ya kufukuza wadudu, na hakikisha mbwa wote watatu wana kola yenye dawa ya deltamethrin isiyopitwa na muda wake. Waulize wenye nyumba jina la dawa, kipimo chake, akiitapika ufanyeje, na lini alipimwa damu mara ya mwisho. Ukirudi Leicester ukapata homa isiyoisha, mwambie daktari ulikuwa wapi. Wao wameishi nayo miaka na hawaioni tena kama habari, ndiyo maana walikuambia kwa mkato. Kwako ni habari.

Mastín ni mbwa aliyezaliwa kuwalinda kondoo dhidi ya mbwa mwitu. Anaweza kuzidi kilo 60, na huchagua mwenyewe nani apite geti. Huyo lazima akuone unakaribishwa na wenyewe, unakula nao, unalala humo. Fika siku nne au tano kabla hawajaondoka, na sharti hili usilipunguze hata wakikuambia mbwa ni mpole. Galgo aliyetupwa ana historia yake. Wengi wao huachwa msimu wa kuwinda sungura-pori unapokwisha mwanzoni mwa mwaka, na anayeokolewa huweza kubaki na woga wa kelele, fimbo, au mwanamume mgeni. Akishtuka hukimbia, na mbio zake huziwezi. Mfunge kamba kila mnapotoka. Podenco naye akinusa sungura hasikii jina lake tena, na ukuta mfupi anauruka.

Tarehe 15 Agosti ni sikukuu Hispania nzima, na vijiji vingi vina sherehe zao mwezi huo zenye fataki za mlio mkubwa. Ulizia kijiji chenu kinasherehekea lini, na usiku huo galgo awe ndani, madirisha yamefungwa. Mbwa wote wana chipu chini ya ngozi kwa mujibu wa sheria, na Andalusia husajiliwa kwenye daftari la wanyama la jimbo liitwalo RAIA, lakini simu iliyoandikwa humo ni ya mwenyewe, ambaye atakuwa Uingereza. Kwa hiyo kila kola iwe na namba yako wewe.

Kila jioni wapekue masikio na katikati ya vidole. Kiangazi nyasi zilizokauka hutoa miba midogo, Wahispania huiita espigas, inayojichimbia mwilini na kupeleka mbwa wengi kwa daktari. Kupe utawaona humo humo. Viwavi wa misonobari, ambao ni hatari kweli kwa mbwa, hushuka mitini mwishoni mwa majira ya baridi, kwa hiyo hao Julai na Agosti hawakuhusu.

Wasomaji wengine wanaofikiria safari kama hii wajue pia kwamba kuna aina za mbwa, Rottweiler na pit bull terrier zikiwemo, ambazo sheria ya Hispania ya mwaka 1999 inamtaka hata anayemtembeza awe na leseni maalumu. Hao watatu wa wenyeji wako hawamo. Na sheria ya ustawi wa wanyama iliyoanza kutumika 29 Septemba 2023 inakataza mbwa wa nyumbani kuachwa bila mtu wa kuwaangalia kwa zaidi ya saa 24 mfululizo. Maana yake kwako: Granada kwa siku moja sawa, Córdoba kulala hapana.

Mama yako mheshimu, wala usibishane naye kwenye simu. Swali lake lina jibu. Sisi wa Pwani tumelelewa kwa madhehebu ya Shafii, ambamo mate ya mbwa ni najisi nzito, kilichoguswa huoshwa mara saba na mojawapo kwa udongo. Lakini pia tumesoma kwamba mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba wameruhusiwa, na kwamba kikavu kwa kikavu hakinajisi. Milima hiyo unayokwenda ilikuwa ya Wamaliki, ambao kwao mbwa aliye hai ni twahara. Mimi si sheikh. Muulize wako wa Leicester au wa Tanga ufuate lipi. Kwa upande wa nyumba, omba chumba kimoja ambacho mbwa hawaingii kabisa, mlango unafungwa, humo uweke msala na nguo zako za swala. Uwe na nguo za kazi za mbwa peke yake, glavu za kuoshea bakuli zao, na ndoo ya udongo safi uani. Julai jua la huko linazama karibu saa tatu na nusu usiku, Isha inaingia usiku sana, halafu Alfajiri inakuwahi. Ukishaswali Alfajiri usirudi kulala. Hiyo ndiyo saa yao ya kutembea, jua likishapanda mnarudi, na usingizi wako utaulipa mchana, wakati maduka ya kijijini nayo yamefungwa.

Chakula cha kwenye friji kitazame kwanza. Trevélez, kijiji cha juu milimani, kinajulikana Hispania nzima kwa mapaja ya nguruwe yanayokaushwa kwa hewa ya mlimani, na vipande vyake huingia hata kwenye maharage. Jipikie mwenyewe. Órgiva kuna jumuiya ya Waislamu, wengi wao watu wa tarika, na Granada mtaa wa Albaicín kuna msikiti uliofunguliwa 2003 ukitazamana na Alhambra, ngome na kasri la wafalme wa Kiislamu wa zamani. Ijumaa moja nenda. Tiketi ya Alhambra inunue mapema, huandikwa jina na huisha.

Ulichosikia kuhusu Waislamu ni kweli, na utakiona majini kuliko kwenye majengo. Baada ya ufalme wa Kiislamu wa Granada kuanguka mikononi mwa Wakristo 1492 watu wa Alpujarra walibatizwa kwa nguvu, wakaasi mwaka 1568, wakashindwa, wakafukuzwa. Mifereji yao bado inatiririka, inaitwa acequia, jina la Kiarabu, na maji hugawanywa kwa zamu kama kwenye mifereji ya Wachaga Kilimanjaro. Ninakutajia kwa sababu ya kazi pia: shamba la wenyeji wako huenda lina zamu yake, pengine usiku wa manane, na jirani atakuja kukugongea ufungue maji. Waulize kama wanakutegemea kwa hilo. Kama ndiyo, waombe jirani achukue zamu hizo.

Moto usiuchukulie kirahisi hata kidogo. Andalusia kuanzia 1 Juni hadi 15 Oktoba ni msimu wa hatari, na kuwasha moto porini au karibu na pori ni marufuku. Agosti 2025 moto uliteketeza zaidi ya hekta 300,000 nchini humo, hasa Galicia, Castilla y León na Extremadura, na vijiji vizima vilihamishwa. Hakikisha bima ya gari inakutaja wewe kama dereva. Siku wakiwa bado wapo, wapakie mbwa wote watatu garini uone kama wanaingia na mastín anakubali kupanda, na uijue njia ya kutokea iwapo barabara kuu imefungwa. Namba ya dharura ni 112. Jaribu simu yako kila pembe ya nyumba, maana kwenye mabonde yale mtandao hukatika.

Haya yote waandike wao, kwa mkono wao: kila mbwa anakula nini na wapi, wanalishwa mbali mbali au pamoja, daktari wa mifugo ni nani, mitungi ya gesi na maji ya tangi, jirani wa kumwita. Kwa daktari waache idhini iliyotiwa saini inayosema unaweza kumleta mbwa, gharama ni zao hadi kiasi gani, na la kusikitisha likitokea nani aamue. Mbwa wa leishmaniasi anaweza kuharibika figo ghafla. Usikubali kubebeshwa uamuzi huo ukiwa peke yako na lugha usiyoijua.

Anza na meneja wako wiki hii. Kisha waandikie wenyeji kuhusu wiki tatu, barua ya mwaliko na zile euro 400, halafu ubalozi mdogo. Tiketi ya ndege usiiguse mpaka viza iwe kwenye pasipoti. Wakikujibu kuhusu kidonge na dawa ikawa si hiyo niliyoitaja, niandikie nikuelekeze cha kumuuliza daktari wao.